BINTI YANGU ALIYAMWAGA MAJI YA MWISHO YA MAMA YAKE

"Tegan! Funga hayo maji! FUNGAAA!"

Sauti iliyonitoka siku ile sikuijua kama ni yangu.

Binti yangu wa kumzaa mwenyewe alikuwa amelala chali chini ya karavani, spana mkononi, maji yanashuka shwaaa kwenye saruji, yanakimbilia mtaroni...

Maji ya mama yake.

Ya mwisho duniani!

Mlango wa gari sikufunga. Koti sikuvua. Nilijitupa chini na shati langu la kazini, nikatambaa mpaka kwenye lile tundu la tenki, nikachomeka kidole gumba.

Maji yakakata.

Na hivyo ndivyo nilivyobaki, ndugu zangu. Mtu mzima, ofisa wa halmashauri, nimelala kwenye dimbwi, kidole juu, meno yanagongana kwa baridi ya Agosti.

"Nipe kizibo."

"Sikupi."

"Tegan, nipe kizibo!"

"Sikupi, Baba, mpaka unisikilize."

Ngojeni niwarudishe nyuma kidogo, ili mkinicheka mnicheke mkijua.

Naitwa Darryl. Naishi Murray Bridge, Australia Kusini. Nina diploma ya afya ya mazingira, na kazi yangu ni kukagua majiko ya migahawa. Nikiingia kwa mpishi ananikaribisha kiti huku moyoni ananitukana. Nina jicho, jamani. Mende akipita chini ya friji namjua yeye na ukoo wake.

Mke wangu aliitwa Raelene.

Alikuwa mtoto wa shamba, huko Karoonda, na kwake yeye maji ni ya mvua tu. Yawe yameshuka kwenye bati la kwao, yakaingia kwenye tenki la kwao. Ya bomba alioshea gari.

Tulikuwa na karavani, hii nyumba ndogo ya kuvuta nyuma ya gari. Kila safari tulianzia kwa mama yake, tukajaza maji. Matenki mawili chini ya sakafu, na Raelene hakuruhusu mtu aguse mpira wa maji.

"Wewe kakague jua," ananiambia. "Maji niachie."

Na safari ikiisha, mimi sijavua hata soksi, mwenzangu keshamwaga yote, kaosha matenki kwa klorini, kasuuza, kaacha mabomba wazi yakauke. Maji hayalali kwenye tenki kusubiri safari nyingine. Yanaota utelezi, yanaoza. Kila mwenye karavani anajua hilo.

Mama mkwe alipofariki, shamba likauzwa. Mnunuzi akaja na tingatinga, nyumba chini, tenki chini. Ila kabla hatujakabidhi funguo, Raelene alijaza karavani yetu mpaka juu.

"Haya ndiyo ya mwisho, Darryl. Tunywe taratibu."

Tukaenda Streaky Bay kuvua samaki. Tukarudi Jumapili jioni.

Kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu akasema amechoka, matenki tutayamwaga kesho.

Kesho hakuamka...

Mshipa wa kichwani, daktari alisema. Usingizini.

Siku ya mazishi nyumba imejaa watu, nikasimama sebuleni nikatangaza: maji yaliyoko kwenye karavani, asiguse mtu! Watu wakalia. Hakuna aliyenipinga. Nani atampinga mfiwa?

Basi kila asubuhi nikawa natoka na pajama langu, naingia kwenye karavani, nawasha pampu, najaza birika, nachemsha huku redio inaimba, napika chai kikombe kimoja. Nakaa upande wake wa benchi. Usiku nikikosa usingizi... narudi, nakunywa yale yale, baridi, bila kuchemsha.

Naona mnavyotikisa vichwa. Ndiyo, mimi! Niliyemfungia mtu mgahawa kwa sababu ya jagi moja la maji lenye ukungu!

Haukupita muda nikalazwa. Tumbo lilinikamata, nikatundikiwa dripu. Daktari akaniuliza nimekula nini.

"Pai," nikasema. "Ya kituo cha mafuta."

Nikaisingizia pai ya watu.

Nikatoka hospitali, nikarudi kwenye kikombe changu. Na hapo ndipo maajabu yalipoanza. Tumbo halikunisumbua tena! Halafu ukutani kuna taa ndogo za kuonyesha maji yamebaki kiasi gani. Zilikuwa tatu zinawaka... miezi ikapita, bado tatu. Nakunywa, hayaishi!

Nikajiambia, huyu ni Raelene. Ananipimia maji kutoka huko aliko.

Mkaguzi mzima. Mwenye diploma.

Sasa wiki moja kabla ya siku ile ya uvunguni, Tegan, ambaye anaishi kwake, alikuja kula, akaniambia tukiwa mezani:

"Baba, unaonaje tukiiuza karavani?"

 Nilisukuma sahani, nikaondoka.

Kwa hiyo jirani yangu Kosta aliponipigia simu nikiwa kazini, nimeinama chini ya sinki la watu, akaniambia, "Darryl, binti yako yuko uvunguni mwa karavani na spana, kuna nini?" nilijua kila kitu.

Anauza! Anasafisha kwa ajili ya mnunuzi!

Nilitoka nduki. Mpishi hata hakuamini bahati yake.

Haya, turudi uvunguni.

Kidole kimeanza kufa ganzi. Maji yananichirizika kwenye mkono mpaka kwapani. Mara kichwa cha Kosta kikachomoza juu ya uzio.

"Darryl! Umeanguka?"

"Nimejilaza tu, Kosta."

"Chini ya karavani?"

"Kila mtu na kitanda chake!"

"Niite gari la wagonjwa?"

"Kanywe kahawa yako, jirani!"

Kichwa kikashuka. Ila nilijua hakijaenda mbali.

Nikamgeukia Tegan.

"Mnunuzi anakuja saa ngapi?"

"Mnunuzi gani?"

"Usinifanye mtoto! Unamwaga maji ya mama yako ili umpe nani?"



Nikageuza shingo nimwone. Alikuwa amekaa kwenye saruji iliyolowa, magoti kifuani, kizibo amekifumbata kwa mikono miwili kama kifaranga.

"Baba... hayo si maji ya mama."

"Unasemaje?"

"Maji ya mama niliyamwaga mwaka jana. Ulipolazwa."

Nilihisi kama karavani imenishukia kifuani.

"Muongo!"

"Baba..."

"Muongo wewe! Jana asubuhi nimekunywa! Maji ya Karoonda mimi naijua ladha yake hata ukinifukua kaburini!"

"Ulikunywa ya bomba. Ya jikoni kwako."

"MUONGO!"

"Nusa mkono wako, Baba."

"Sinusi kitu."

"Nusa tu."

Nikavuta shati puani.

Klorini.

Kali, mbichi, ya asubuhi ile ile. Nilikuwa nimeogelea ndani yake muda wote huo, na pua yangu, pua inayonilipia nyumba, haikuniambia chochote.

"Nilikiona kikombe mle ndani ulipokuwa hospitali," Tegan akasema, taratibu. "Nikafungua bomba. Yalikuwa yananuka, Baba. Yana vitu vinaelea. Ndiyo nikajua si pai."

Niliendelea kuziba lile tundu kwa kidole.

"Kila Jumanne ukienda kazini, naja. Naweka dawa, nasubiri, namwaga, nasuuza, najaza tena. Kama mama alivyokuwa anafanya. Naziacha taa pale pale ulipoziacha."

"Kwa nini hukuziacha zizime?"

Hapo akashusha kichwa.

"Siku yakiisha... ungekuwa unaamkia nini?"

Jamani.

Jamani!

Kosta, huko nyuma ya uzio, nilimsikia akipenga kamasi.

"Ungeniambia, mwanangu," nikasema.  "Ungeniambia ukweli tu."

"Nikwambie vipi? Siku ya mazishi ulisema mbele ya watu wote kwamba hayo maji ndiyo kitu pekee kilichobaki cha mama."

"Nilikuwa na uchungu, Tegan."

"Nilikuwa nimesimama pembeni yako, Baba. Nimeshika sinia la sandwichi."

...

  

Nikamwangalia. Nadhani ndiyo siku ya kwanza kumwangalia tangu tumzike mama yake. Vidole vimechubuka kwa klorini na baridi. Amekonda. Kidevu cha Raelene kile pale, kinatetemeka vile vile cha Raelene kilivyokuwa kinatetemeka akizuia kilio.

Mwaka mzima nimempita huyu mtoto mlangoni, naenda kumtafuta mama yake kwenye tenki la plastiki!

"Siku ile ulipoyamwaga ya mama," nikamuuliza, "ulikuwa na nani?"

"Peke yangu. Nililala hapo hapo ulipolala. Mpaka tone la mwisho."

"Hukubakiza hata kidogo?"

"Nilibakiza kikombe."

"Kiko wapi?"

"Nilikunywa."

"Tegan! Maji yaliyonilaza mimi?!"

"Najua."

"Ulichemsha?"

"Sikuchemsha. Niliyataka vile vile alivyoyaweka." Akafuta pua kwa mkono wa sweta. "Niliharisha siku mbili. Kazini nikawaambia ni pai."

Sijui kicheko kilitoka wapi.

"Yalikuwa na ladha gani?"

"Ya plastiki, Baba. Plastiki na tope."

Tukacheka. Tulicheka mpaka nikagonga kichwa kwenye ekseli. Halafu cha kwake kikakatika katikati, kikageuka, na binti yangu akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia. Sikuwahi kukisikia kwa sababu sikumpa nafasi. Tangu siku ile ya msiba, kilio chote cha nyumba hii nilikuwa nimekikalia mimi.

Nikachomoa kidole.

Maji yakashuka. Tegan akatambaa akaja uvunguni, akalala ubavuni kwangu kwenye lile dimbwi, kichwa kwenye bega langu, tukayaangalia yakitoka. Maji ya bomba tu. Tukayaaga kama ndiyo yenyewe, maana mimi yenyewe sikuyaaga.

Juu ya uzio nikamsikia Kosta akimwambia mkewe:

"Sasa wako wawili."

Yalipokwisha tulisuuza pamoja. Safari hii hatukujaza. Tulifungua kila bomba, vizibo tukaviweka juu ya meza, tukaacha vikauke.

Kesho yake asubuhi miguu ikanipeleka yenyewe, na pajama langu. Nikawasha pampu. Ikaunguruma tupu. Taa zote zimezima.

Nikaizima. Nikakaa pale, si upande wake, upande wangu. Nililia, sitawadanganya.

Halafu nikapiga simu.

"Tegan, umeshakunywa chai?"

"Bado. Ndiyo kwanza naamka. Kuna nini?"

"Njoo nikupikie."



"Ndani au kwenye karavani?"

"Ndani, mwanangu. Jikoni."

Ndugu zangu mnaosoma, kama mna karavani, mkirudi safari mwageni maji siku hiyo hiyo, hata kama mmechoka. Hilo ni la bure.

Lakini lingine ni hili. Ukifiwa, usijifanye mfiwa peke yako. Angalia nani yuko pembeni yako amenyamaza. Huenda huyo ndiye anayekufanya uamke salama kila siku, na wewe unamwona adui.

Mimi nimeomba ruhusa kazini, kila Jumanne asubuhi nipo nyumbani na binti yangu. Tunaendelea. Tunaongea. Siku nyingine hatuongei.

Ila kuna kitu kimoja kinanikata maini mpaka leo, na sijapata ujasiri wa kumwambia. Naanza kwenu.

Siku ile aliyomwaga maji ya mama yake, mimi nilikuwa kitandani hospitali, namsubiri. Alikuja jioni sana, nywele zimelowa, macho mekundu, mikono ya baridi.

Nilimgombeza kwa kuchelewa.

Akasema, "Samahani, Baba." Akaniwekea mto vizuri, akakaa.