Simu Iliyoomba Maji

Bangili ya Gerson iligundulika imeibwa saa nne na robo asubuhi, Jumamosi, Chang'ombe, Dodoma. Sajenti Anitha alipofika nusu saa baadaye, alikuta simu inaomba maji.

"Maji. Maji," ilisema yenyewe kwenye kiti cha magurudumu alichokalia Gerson.

"Makubwa haya!" Sajenti akashangaa.

Gerson, kijana wa miaka ishirini na sita, hakuwahi kutembea wala kusema. Mkono wake wa kulia tu ndio uliomtii. Bangili ilisoma mkono unavyocheza, simu ikatamka: akiutikisa, ilisema "maji"; maneno mengine aliyachora hewani, herufi kwa herufi. Saa nane mchana baba yake mdogo angefika kutoka Haneti, amsikie mwenyewe kama anakubali kuhamia kule asimamie mashine ya kusaga. Sasa bila bangili angejibuje, jamani?

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, afande." Mama Gerson alikuwa mlangoni anapepeta mtama. "Mkamate Zaidi, fundi simu. Jana aliikodolea macho hiyo bangili. Gerson mwenyewe anasema ni yeye."

Sajenti akamtazama Gerson. Shingo ilikuwa inayumba huku na huku. Ndiyo hiyo, au hapana? Hakuelewa kitu.

"Maji. Maji."

"Na hiyo simu?"

"Imeharibika. Inaweweseka tu tangu asubuhi."

Zaidi akaitwa kutoka kibandani kwake, barabara kuu. Mifukoni alikutwa na bisibisi na karanga.

"Afande, mimi nilitengeneza chaji tu! Halafu bangili ikiwa mbali na simu, hatua kumi hivi, simu inanyamaza."

"Mbona hii inasema?"

"Hapo hata mimi nimechanganyikiwa."

Sajenti naye kichwa kilimzunguka. Simu ilikuwa inasema kabla Zaidi hajafika. Basi bangili haikutoka nyumbani.

"Kila mtu atulie alivyo!"

Ungo ukatulia. Simu kimya.

"Zaidi, ruka."

Zaidi akaruka kama mwehu. Kimya.

"Mama, endelea kupepeta."

Mama Gerson hakusogea.

"Pepeta, mama."

Akapepeta.

"Maji. Maji. Maji."

Sajenti akampandisha mama mkono wa sweta. Bangili ilikuwa imebana juu ya kiwiko.

"Nilidhani inamjua yeye tu," mama akasema, machozi yakimtoka. "Nilitaka kuificha mpaka shemeji aondoke. Miaka yote hii mimi ndiye mdomo wake, afande. Nikisema ana njaa, watu wanaamini. Leo akisema anaondoka, mimi nabaki na nani?"

Sajenti alikuja na hasira zake, sasa zikamwishia. Akamvalisha Gerson bangili.

"Mlalamikaji ni wewe. Nimpeleke kituoni?"

Mkono ukachora polepole.

"Mama asiguswe," simu ikasema.

Mama Gerson akamsogelea, akapiga magoti mbele ya kiti.

"Na Haneti, mwanangu?"

Safari hii Gerson hakuchelewa.

"Naenda."

Mama akainuka. Kisha akajifuta uso kwa kanga, akaingia ndani kumfungia nguo za safari.