Mstari wa Nyuma

Kila alasiri, akitoka shuleni, Kasi alipitia kwenye kibanda cha baba yake, fundi viatu. Alifagia vipande vya ngozi, akapanga viatu vilivyokwisha kushonwa, kisha akavuta ubao wa drafti chini ya benchi. Kete zao zilikuwa vizibo vya soda. Baba alivilaza vyake kifudifudi, Kasi akavilaza vyake chali.

"Mwanangu, mstari wako wa nyuma mtupu," baba alisema siku moja.

"Kete zote zimeenda vitani, baba."

"Na nyumbani amebaki nani?"

Kasi alicheka tu. Shuleni alivamia kabla mpinzani hajakaa sawasawa, ndiyo maana wanafunzi wakambandika jina hilo la Kasi. Yeye na mwenzake katika timu ya shule ya watu wawili, msichana wa darasa la mwisho, waliitwa Kasi na Nanga. Nanga alifikiri mpaka watazamaji wakapiga miayo, na Kasi alimtania kwamba vizibo vitaota kutu.

Siku ya mashindano Nanga alicheza kwanza, akashinda. Mwalimu wa michezo akamvuta Kasi pembeni.

"Ukipata sare tu, tunaingia fainali. Linda nyumbani, usitafute makuu."

"Sawa, mwalimu," alijibu, lakini moyoni alikataa. Sare? Watu wote hawa wamekuja kutazama sare?

Alianza kwa vishindo. Alikula kete moja, akala ya pili, makofi yakamlevya, akaitoa hata kete ya mwisho ya nyuma. Mpinzani wake, mvulana mpole mwenye miwani, akasogeza kizibo mbele ya kete ya Kasi kama mtu aliyekosea. Katika drafti, ukiweza kula lazima ule. Kasi akala kwa furaha, na njia ikafunguka. Kete ya mvulana ilikula tatu mfululizo, ikaingia mstari wa nyuma usio na mlinzi, ikawa kingi, kete iendayo mbele na nyuma. Baada ya hapo Kasi alifagiliwa. Shule zikalingana kwa ushindi, ila wapinzani walikuwa wamebakiza kete nyingi zaidi, wakaenda fainali wao.

Nanga hakugomba. Alichukua mkoba wake.

"Wewe utacheza tena mwakani," alisema. "Mimi sitakuwepo."

Heri angemtukana. Kasi alifika kibandani macho yamevimba.

"Alinitega, baba."

"Alikutega, ndiyo. Mlango uliufungua mwenyewe." Baba aliweka kiatu chini. "Kushambulia si kosa, mwanangu. Ila anayeshambulia bila kulinda huwaponza na walio nyuma yake. Sare ile haikuwa yako peke yako."

"Sasa nifanye nini?"

"Kamwombe radhi. Usimwombe asahau."

Kesho yake, wakati wa mapumziko, Kasi alimkuta Nanga darasani peke yake.

"Nilitaka sifa, nikakuponza. Nisamehe, dada."

Nanga alitoa ubao na vizibo mkobani. "Nimekusamehe. Lakini bado inauma. Panga kete."

Walicheza. Kasi alishambulia pale palipofaa, lakini kabla ya kila hatua alitazama nyuma, na kete zake za nyumbani hazikutikisika. Mwishowe kila mmoja alibaki na kingi moja, wakizungukana bila kukamatana. Ilikuwa sare.

Nanga alikusanya vizibo, kimoja kimoja, akavitia mfukoni.

"Hii," alisema, "ndiyo niliyokuwa naitaka jana."