Kamba ya Bluu, Mguu wa Kushoto

Foleni kwa fundi viatu wa stendi ilikuwa ndefu na jua lilikuwa halina huruma. Mpigapicha alikuwa wa tatu, mkanda wa begi la kamera ukimkata bega, alipotokea mwanamke mwenye mtandio wa zambarau na miwani ya jua. Akapenya mbele yake, raba kuukuu mkononi.

"Dada, foleni inaanzia kule nyuma."

"Nimeshikiwa nafasi, kaka."

"Na nani?"

Mwanamke akamwonyesha fundi kwa kidevu. Fundi, mzee asiyependa kesi, alijitia hamnazo akaendelea kupaka gundi.

"Basi na mimi nimeshikiwa, tangu nizaliwe," mpigapicha akasema.

Mwanamke alicheka mpaka miwani ikamteleza puani. Mpigapicha akampisha. Kwa kicheko kile, nani angekataa?

Kesho yake asubuhi, bingwa wa mbio za mita elfu tano aliingia studio kupigwa picha za tangazo la viatu. Uso wake ulijulikana na kila mwenye televisheni. Mpigapicha, mtu anayekula kwa macho yake, jana hakuutambua!

"Leo foleni inaanzia wapi, kaka?" bingwa akamuuliza.

Alivaa fulana nyekundu isiyo na maandishi na raba mpya nyeupe. Ila raba ya kushoto ilifungwa kamba ya bluu, kuukuu, iliyochanika ncha.

"Hiyo kamba tuibadilishe?"

"Hiyo haitoki." Akaketi juu ya sanduku la taa. "Nilivunjika mguu huu nikiwa na miaka tisa. Wakasema sitatembea sawa. Mama akanifunga kamba hii, akaniambia, mwanangu, huu ndio mguu wa kuanza nao. Mpaka leo naanza nao. Sijawahi kumwambia mtu wa magazeti."

"Mimi si wa magazeti."

"Ndiyo maana nimekwambia."

Mpigapicha akalala chini kifudifudi, akamkimbiza mara arobaini mpaka mguu wa kushoto ukatangulia vile alivyotaka. Alipoinuka, vumbi limemjaa kifuani, alikuwa ameshapenda. Tangu siku hiyo simu hazikupumzika.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nashiba kwa kukutazama kwenye kompyuta."

"Mchokozi wewe!"

"Mchokozi wako, laazizi."

Wiki ya tatu, bosi wa kampuni ya matangazo alilalamika kwamba kwenye picha bingwa anayapa mgongo maandishi ya tangazo. Mpigapicha alikuwa mbioni kwenda kumwona mpenzi wake. Akabonyeza kitufe kimoja, picha ikageuka kama mtu anavyojiona kwenye kioo, akaituma na kuondoka akipiga mluzi.

Bango lilipopanda kwenye mzunguko wa barabara, bingwa alipiga simu.

"Umeliona?"

"Limependeza, mpenzi wangu!"

"Litazame vizuri." Akakata.

Siku nne hakupokea simu. Mpigapicha alidhani kosa ni nywele, kisha akadhani ni fulana. Siku ya tano akaenda kusimama chini ya bango, akatazama viatu. Kamba ya bluu ilikuwa mguu wa kulia. Kitu pekee alichoaminiwa, amekigeuza kwa kidole kimoja! Akaenda moja kwa moja kwa bosi.

"Bango linauza," bosi akasema. "Nani atajua?"

"Mwenye mguu anajua. Kosa ni langu, niligeuza mimi. Tulishushe."

"Nikilishusha, kazi ya mwakani usiitegemee."

"Lishushe, bosi."

Akamwandikia bingwa ujumbe: "Mguu nimeugeuza mimi, kwa haraka ya kuja kukuona. Sijitetei. Jumatatu linashuka." Hakujibiwa. Aliumia, lakini hakuona wa kumlaumu.

Jumanne bango jipya lilikuwa juu, kushoto mbele, maandishi yamebanwa pembeni. Alilitazama, roho ikatulia kidogo. Kisha akapeleka kiatu chake kwa fundi wa stendi. Kwenye kigoda cha wateja alikuta mtandio wa zambarau.

"Foleni inaanzia kule nyuma, kaka."

"Nisamehe."

"Bango la kwanza lilimliza mama. Alisema wamemvunja mwanangu na mguu wa pili." Akavua miwani. Macho yalikuwa yakicheka. "Asubuhi nimempitisha pale tena. Ameuliza ni nani amesogeza maandishi."

"Ukamwambia nini?"

"Kwamba Jumapili nitakupeleka akuone."

"Unanipeleka kama nani?"

Bingwa alinyoosha miguu yote miwili, raba hazina kamba, akamtupia kamba ya bluu mapajani. Foleni nzima iligeuka kutazama. Hata fundi aliacha gundi.

Mpigapicha alipiga magoti kwenye vumbi. Hakuuliza upi. Akaushika wa kushoto, akapitisha kamba tundu kwa tundu.

"Kama mume wangu mtarajiwa," bingwa akasema. "Kaza basi, isifunguke."