Mlango wa Sitini na Tatu

"Soma tena, mwanangu. Labda umeruka mstari," mama yake alimwambia.

Mshonaji alisoma tena, kidole kikishuka taratibu kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani mwa ofisi ya mradi. Sitini na moja. Sitini na mbili. Sitini na nne. Nyumba yao, ya sitini na tatu, haikuwepo.

Aliyekuwemo kwenye orodha ile angepewa makazi katika maghorofa yatakayojengwa palepale mtaani. Asiyekuwemo alikuwa na siku thelathini za kuhama, kwa sababu kwa mujibu wa karatasi hakuwahi kuishi pale. Mama yake alikuwa ameishi pale miaka ishirini na sita.

Muuza mkaa, jirani yao wa sitini na nne, alichungulia juu ya bega lake.

"Mimi ambaye mvua ikinyesha kuku wangu wanaogelea ndani, nimo. Nyie mkose? Na karani wa kuhesabu ndiye mkwe wenu? Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, bwana. Nendeni kwa mkwe."

Alisema kwa utani, lakini neno mkwe lilimchoma Mshonaji kama sindano iliyopitiliza kitambaa ikagusa kidole.

Alikumbuka Jumamosi ile, nyumba zilipokuwa zinahesabiwa. Mchumba wake alikuwa amebadilishana safu ya nyumba na karani mwenzake, watu wasije wakasema anapendelea kwa kina mchumba. Mshonaji alimpenda zaidi kwa uadilifu ule. Safu yao ilikuwa ihesabiwe Jumatatu, kwa hiyo mchumba akawaalika Jumamosi, yeye na mama, wakajulishwe rasmi kwa wazazi wake. Walifunga mlango wakaenda, wamevaa sare aliyoishona mwenyewe. Mama alicheka siku nzima.

Waliporudi walikuta alama ya X mlangoni, imechorwa kwa chaki. Yule karani mwingine alikuwa amemaliza safu yake mapema akasogea mbele. Na sheria ya mradi ilikuwa fupi: mlango uliofungwa ni nyumba isiyo na mtu. Mwenye malalamiko alipewa siku kumi na nne kujaza fomu.

Alimpigia mchumba wake palepale.

"Futa tu hiyo chaki, mpenzi," alimjibu. "Hilo niachie mimi."

Aliifuta kwa kitambaa kibichi. Akamwachia.

Sasa alisogea pembeni ya ukuta, akamwandikia mchumba wake ujumbe: *Niko nje ya ofisi yenu na mama. Hatumo kwenye orodha.*

Jibu lilichelewa. *Usiongee na mtu. Nakuja.*

Mchumba wake, Karani, alitoka na kitambulisho kikining'inia shingoni, mkoba begani. Alimwamkia mama kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Lile mwanangu lilimfanya ainamishe kichwa.

"Fomu yetu uliipeleka?" Mshonaji aliuliza.

Karani alifungua mkoba akampa karatasi iliyokunjwa mara nne, kingo zake zimeanza kuchakaa. Jina la mama lilikuwemo, namba ya nyumba, miaka ishirini na sita, sahihi. Kila kitu kilikuwa mahali pake isipokuwa mhuri wa kupokelewa.

"Niliijaza Jumapili yake."

"Sikukuuliza uliijaza lini."

"Nilifika mlangoni kwa msimamizi mara tatu. Wiki zile walikuwa wanachagua nani apewe ajira ya kudumu. Ningemfikishia fomu ya mchumba wangu, angesema nilibadilisha safu kwa hila. Nikajiambia kesho. Kesho yake nikajiambia kesho."

"Nilikuuliza kila siku. Ukasema inashughulikiwa."

"Nilisema."

"Huku unaniangalia usoni."

"Nilitaka nikuoe nikiwa na kazi ya kueleweka. Nilifanya kwa ajili yetu."

"Yetu sisi na nani?" Sauti yake ilikuwa ndogo kabisa. "Maana mimi na mama hatumo."

Karani alimgeukia mama. Akamwambia kwamba nyumba yake ndogo itawatosha wote watatu, kwamba harusi wataifanya mwezi huuhuu, kwamba hatakosa kitu.

"Nakuamini, mwanangu," mama alisema. "Lakini kwako nitakuwa mgeni. Na mgeni akikaa sana, huanza kuuliza kama anaruhusiwa kufungua dirisha."

Mshonaji alimnyooshea ile fomu.

"Ingia nayo sasa hivi. Tutakusubiri."

Aliingia. Muuza mkaa, ambaye utani ulikuwa umemwishia, alimpisha mama akae juu ya gunia lake. Walingoja. Karani alipotoka, hakuwa na kitambulisho shingoni, na mhuri ulikuwa umepatikana. Ulikuwa mwekundu, umepigwa juu ya jina la mama: IMECHELEWA.

Siku ya kuhama, cherehani ilipakiwa kwanza kwenye mkokoteni, kisha vitanda. Mama alibaki ndani anafagia.

"Mama, kesho wanabomoa."

"Najua. Siwezi kuwaachia nyumba chafu."

Simu iliita. Mshonaji aliitazama kwa muda kabla ya kuipokea.

"Nimepata kibarua kingine," Karani alisema. "Kidogo, lakini kipo. Niruhusu nije niwabebee."

"Tumeshapakia."

"Unanichukia?"

"Ningekuchukia ningepona haraka."

"Basi tuanze upya. Nakuomba."

Mshonaji aliegemea mwimo wa mlango. Ukiangalia kwa makini, kivuli cha chaki kilikuwa bado kinaonekana kwenye mbao.

"Mlango huu umekaa wazi miaka ishirini na sita," alisema. "Wateja, majirani, wenye njaa, wote waliukuta wazi. Ulifungwa siku moja tu. Siku tuliyokuja kwenu."

Upande wa pili alisikia kilio cha mtu anayejaribu kutosikika. Alisikiliza mpaka machozi yake mwenyewe yakaanza, ndipo akakata simu.

Mama alitoka na ufagio mkononi. Kama mtu yeyote anayeondoka, aliuvuta mlango, akaanza kupapasa funguo kwenye upindo wa nguo yake.

Mshonaji aliushika mkono wake.

"Uache wazi, mama."