Tao Chini ya Lipu

Mvua ilishuka bila taarifa, na watu wote wa barabara ya benki wakakimbilia kibaraza kimoja. Mkutubi alijikuta amebanwa baina ya muuza miavuli na nguzo kuukuu, gauni lake la bluu limelowa begani. Umati hakuuona. Alikuwa akiipapasa nguzo kwa vidole, akitabasamu peke yake.

"Dada, hiyo nguzo ni ndugu yako?"

Aligeuka. Kijana mrefu, shati la kijani lililonyooka kwa pasi, viatu vya kazi vyenye vumbi jeupe.

"Imemzidi umri babu yako," alijibu, akashangaa ulimi wake umepata wapi ujasiri. "Iamkie."

Kijana akainama kweli, mbele za watu. "Shikamoo, nguzo."

Mvua ikakatika. Wao hawakuondoka.

Kijana alikuwa mkandarasi. Mkutubi naye siku za kazi alipanga vitabu, na kila Jumapili aliandika gazetini habari za majengo ya kale ya jiji: nani aliyajenga, kwa mawe gani, nani waliishi humo. Wasomaji walimwamini. Mkandarasi akawa msomaji wa kukariri, na mpigaji simu wa kila siku.

"Mwanahistoria wangu, umekula?"

"Nimekula, Bwana Nyundo."

"Mbona unanong'ona?"

"Niko maktaba."

"Na jana ulikuwa nyumbani, ukanong'ona vilevile!"

"Nyumbani yupo shangazi."

Na kweli, jana yake shangazi alikuwa nyuma ya pazia. "Mwambie alete wazee wake," alidakia. "Simu haiposi!"

Asubuhi moja msomaji aliingia maktaba akihema. "Dada, ile Nyumba ya Matao uliyoiandika, inabomolewa!"

Mkutubi aliacha vitabu mezani. Alitoka mbio, kitambulisho kikimrukaruka kifuani. Alipofika, tingatinga lilikuwa limekwisha kuangusha pembe ya ukuta wa nyuma, na aliyekuwa akiliongoza kwa mkono, kofia ngumu ya njano kichwani, alikuwa Bwana Nyundo.

"Wewe!"

"Mpenzi, umekuja kuniona..."

"Usiniite mpenzi! Unanipenda huku unanibomolea?"

Mafundi wakaacha kazi. Uso wa mkandarasi ulimshuka. "Lakini wewe ndiye uliyeniruhusu."

"Mimi?"

"Mwenye nyumba alitaka niiangushe yote. Nikakataa, nikamwambia asome makala yako. Uliandika kwamba upande wa mbele ndio wa kale, wa nyuma umeongezwa juzijuzi, hauna cha kuhifadhi. Ndipo akakubali nivunje wa nyuma tu."

Mkutubi alitazama. Pale lipu ya saruji ilipobanduka, yalionekana mawe ya chokaa, na katikati yake tao lililozibwa, nakshi zake nzito, kongwe kuliko chochote cha upande wa mbele. Aliikumbuka siku ile alipokuja kuiandika: geti limefungwa, sauti za watu ndani, na yeye haya zimemjaa. Alizunguka, akachungulia juu ya ua, akaona lipu mpya, akaukadiria ukuta umri kwa koti lake la lipu.

"Sikuingia ndani," alisema. "Niliona aibu kubisha."

Mkandarasi aliinua mkono. Tingatinga likazima.

"Naweza kulizuia mpaka Jumapili. Baada ya hapo mwenye nyumba atamleta mkandarasi mwingine. Andika."

"Niandike kwamba nilikosea? Mji mzima usome? Hawataniamini tena."

"Huenda."

Jibu hilo lilimchoma. Aliondoka bila kuaga. Wiki nzima simu iliita, naye akaitazama tu. Mkandarasi akajua ameachwa.

Jumapili gazeti lilitoka. Hakujificha: ukuta ule ndio mkongwe, mimi sikuingia ndani, kosa ni langu. Wapo waliomcheka, na mwalimu mmoja mstaafu alimshauri aweke kalamu chini. Lakini kesho yake wasomaji walijazana getini kulitazama tao, na kabla ya jioni halmashauri ya jiji ikapiga marufuku ubomoaji. Mwenye nyumba akamtimua mkandarasi.

Mkutubi alimkuta akikusanya vifaa vyake.

"Umekosa kazi kwa ajili yangu."

"Na wewe umekosa jina." Hakumtazama. "Nilidhani hutaki hata kunisikia."

"Niliogopa utanionea huruma."

"Nikuonee huruma wewe? Mtu aliyejianika gazetini mwenyewe? Mimi nisingeweza."

Moyo ulimpiga mkutubi kama nyundo za mafundi wote kwa pamoja. Akalisema neno kabla woga haujamfikia.

"Nioe."

Spana ilimponyoka mkandarasi, ikamtua mguuni. Hata kulia "aii" hakulia.

"Umesema nini?"

"Umesikia."

Mafundi wakapiga mbinja. Mkandarasi akatupa mikono juu. "Hilo ni langu! Nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo wiki nzima, na hata simu hupokei!"

"Basi liseme."

Akakuna kichwa chini ya kofia. "Nimesahau lote."

"Basi jibu langu."

"Ndiyo," alisema, akirukaruka kwa mguu mmoja. "Ndiyo, mama, ndiyo. Sasa nishike, nisianguke."