Magnesiamu Ndani ya Sindano

Jumatatu, tarehe 17 Novemba 2025, saa mbili na dakika kumi asubuhi. Mvua ya rasharasha ilipiga madirisha ya maabara jijini Aarhus. Profesa Torkild Bjerregaard alikuwa ameketi kitini mwake, amekufa.

Inspekta Ragnhild Overgaard aliitazama midomo iliyogeuka samawati, kisha bomba la sindano mezani.

"Nani alimdunga?"

"Mimi," alisema Solvej Damkjær, muuguzi wa majaribio ya tiba. "Dawa ya upungufu wa damu. Kila Jumatatu, mwaka wa pili sasa."

"Na leo akafa."

"Unaniuliza au unanihukumu?"

"Bado sijaamua. Vaa koti."

Kufikia Jumatano, uchunguzi wa maiti ulionyesha damu iliyoganda mapafuni. Ndani ya bomba, mkemia wa polisi alikuta roboti: nyuzi za DNA zilizokunjwa kama kasha, dogo mara elfu kuliko upana wa unywele, likiwa na dawa ya kugandisha damu. Kasha hilo lilikusudiwa kufunguka ndani ya uvimbe wa saratani tu na kuuzibia damu. Solvej alikuwa na ufunguo wa kabati la roboti hizo. Adhuhuri ya Alhamisi, mwendesha mashtaka angemshtaki kwa mauaji.

Mkemia alikuta pia magnesiamu nyingi. Ragnhild akamwendea Solvej rumande.

"Roboti za wagonjwa wodini unazichanganya na nini?"

"Maji ya chumvi, basi. Zetu zimeshavikwa ganda la kuzilinda. Magnesiamu ni mambo ya wakunjaji wa DNA maabarani. Bila hiyo mikunjo yao hufumuka. Hata hilo hamlijui, mkanifungia?"

"Kabla ya kumdunga, sindano uliiacha wapi?"

"Kwenye trei. Saa moja na nusu wote tulikwenda kwenye mkate wa Jumatatu, kifungua kinywa chetu cha pamoja. Ukikosa, unanuniwa wiki nzima. Ilikuwa zamu ya Asger kuleta mikate, na akachelewa."

Asubuhi ya Alhamisi, Asger Lindegaard, naibu wa marehemu na mwenye ufunguo mwingine wa kabati, alikuwa akipaka mkate siagi.

"Bado mnalipwa kwa kuzurura, Inspekta?"

"Tena vizuri. Weka kisu chini. Wangapi hukunja DNA hapa?"

"Watatu. Torkild, mimi, na Pernille, aliye kisiwani Bornholm kwa likizo ya uzazi tangu Agosti."

"Mmoja yuko mochwari, mwingine ananyonyesha. Roboti zilizomuua zilikuwa na ganda la wodini. Hazikuhitaji magnesiamu. Mkono wako ukaiongeza hata hivyo."

Asger aliukodolea macho mkono wake kama wa mtu mwingine.

"Miaka kumi na mmoja," alisema hatimaye. "Kila nishikapo bomba, naongeza. Sikumbuki hata kufanya hivyo."

"Kwa nini umuue?"

"Angeyasimamisha majaribio siku ile ile! Alidai roboti zangu hufunguka mapafuni kabla ya kufika kwenye uvimbe. Mzee mwoga!"

"Na zikafunguka mapafuni mwake. Umemthibitishia kwamba alisema kweli."

Asger akauma meno.

"Mumeo, Ragnhild. Ule uvimbe wa ini, mwaka juzi. Orodha ya majaribio ilikuwa imejaa. Nani alimsukumia ndani? Leo anaendesha baiskeli. Nakudai. Chana ripoti ya mkemia, muuguzi aibebe kesi."

"Ni kweli, unanidai. Nilimweleza mkuu wangu Jumatatu, kabla sijavua koti. Kesho ananipokonya kesi hii."

"Basi nilipe leo."

"Kwa uhuru wa Solvej Damkjær?" Inspekta akamfunga pingu, mkono wa kulia kwanza. "Silipi."

Akampigia simu mwendesha mashtaka. Ilikuwa saa nne kasorobo.