Kibali cha Ngazi Tupu

"Kibali cha Kupiga Picha Ngazi Tupu ya Mawe, Kila Kidato Picha Yake": karatasi hiyo, yenye mihuri minne, rafiki yetu Athoumani alipewa Mahajanga, Madagaska, mwaka 1983.

"Akionekana mtu pichani, bwana, kibali kimekufa," karani alimwonya.

"Nyumba yetu ina miaka sita imefungwa. Mtu atoke wapi?"

Picha alizitaka mama yake, Sittou, aliyekuwa Moroni, Komoro. Siku familia ilipokimbia mauaji ya Wakomoro mjini humo, mdogo wa Sittou, Zalia, alirudi ndani kuchukua ushungi, hawakumwona tena.

Ngazi ilibanwa na kuta mbili, giza hata saa nne asubuhi, na mlango wa juu ulikuwa na kufuli. Kwenye kidato cha chini palikuwa na mitalawanda, vile viatu vya mti, imevuliwa kwa adabu. Athoumani alisimama chini, akapiga picha kumi na mbili, moja kwa kila kidato. Kila alipovuta filamu alisikia mti ukigonga jiwe: ko, ko. Hakuhisi kitu, hata hofu.

Picha ziliposafishwa, karani alizikagua, akagonga muhuri: hakuna mtu. Mama alizitazama, akauliza, "Hukumwamkia mama yako mdogo?"

Katika kila picha mitalawanda ilikuwa kidato kimoja juu zaidi, na katika ya mwisho mlango ulikuwa wazi.